Ngozi iliyokula chumvi nyingi na kiangazi cha Tabora

Mvua za Tabora zikishakatika, kuanzia Mei hadi zirudi Novemba, hewa hukauka mpaka milango ya mbao inaachia nafasi kwenye fremu. Ngozi ya kijana huupita msimu huo kwa kupauka kidogo magotini na kwenye viwiko. Ya mtu wa miaka sabini hupasuka, huwasha usiku, huacha unga mweupe kwenye shuka, na akijikuna kidogo tu damu inatoka. Ikifika Juni swali ni lile lile kila nyumba yenye mzee: mama anawashwa, apakwe nini?

Jibu langu huwakatisha tamaa wengi kwa sababu linaanza na vitu vya kuacha. Ngozi ya uzeeni huharibiwa zaidi na jinsi inavyooshwa kuliko na kukosa kupakwa. Punguza sabuni, punguza moto wa maji, tupa dodoki, kisha paka mafuta ya bei nafuu wakati ngozi bado ina unyevu. Fanya hayo manne wiki mbili bila kuruka siku, ndipo uulize krimu. Wengi hawafiki kuuliza.

Mabadiliko ya uzeeni yanaeleweka vizuri. Tezi zinazotoa mafuta ya ngozi hupunguza kazi, na kwa wanawake jambo hilo huonekana mapema zaidi, baada ya hedhi kukoma. Ngozi ya juu huwa nyembamba na hujikarabati polepole. Ile mishikizo inayoifunga ngozi ya juu na ya chini, ambayo ujanani imeingiana kama meno ya zipu, huwa bapa. Ndiyo maana ukimvuta bibi mkono kumwinua kitini, ngozi inaweza kuchanika pale pale uliposhika. Mishipa midogo ya damu nayo hubaki bila mto wa kuikinga, hivyo madoa yaliyovilia damu hujitokeza mikononi na mzee hakumbuki amejigonga wapi. Kwenye ngozi nyeusi huonekana kama weusi uliokolea tu, nayo hufifia yenyewe. Hayo madoa usiyakande wala kuyasugua dawa.

Kuoga

Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, pH (kipimo cha uchachu, namba ikipanda uchachu unapungua) ya 4.5 hadi 5.5 hivi. Sabuni ya mche ina 9 au 10. Kila inapopita huondoa mafuta yanayoziba nyufa ndogondogo za ngozi, na ngozi ya kijana huyarudisha baada ya saa chache. Ya mzee inachelewa, na kabla haijamaliza, kesho imefika na sabuni nyingine. Sabuni za dawa, zile zenye harufu kali zinazodaiwa kuua vijidudu, hukausha zaidi. Mzee asiye na kidonda wala ugonjwa wa ngozi hazihitaji.

Kwa hiyo sabuni iende panapotoa harufu tu: makwapa, sehemu za siri kwa nje, makalio, nyayo, na mikono kama imeshika uchafu. Miundi, mapaja, mgongo, tumbo na mikono ya juu vinatosheka na maji. Wapo watakaosema huko si kuoga. Jaribuni siku kumi muone kama kuna harufu yoyote iliyoongezeka. Sabuni yenyewe iwe laini, isiyo na manukato, na ukikuta iliyoandikwa pH 5.5 kwenye kasha, hiyo ndiyo bora.

Maji yawe ya uvuguvugu. Kipimo ni kiwiko cha anayeogesha: ukichovya usisikie baridi wala moto. Najua asubuhi za Julai, baridi ya hapa ikishuka hadi nyuzi 15 hivi, wazee wanapenda maji yanayotoa mvuke. Maji hayo huyeyusha mafuta ya ngozi kama yanavyoyeyusha mafuta kwenye sahani, na baada ya nusu saa ya raha unafuata muwasho wa siku nzima. Kuoga kusizidi dakika 10. Asiyetoka jasho anaweza kuoga mwili mzima leo, na kesho akanawa uso, makwapa, sehemu za siri na miguu tu.

Wanaotumia maji ya kisima chenye chumvichumvi wana tatizo la ziada. Sabuni haitoi povu, kwa hiyo mtu anaongeza sabuni, na utando unaobaki juu ya ngozi ndio unaowasha. Ukiweza, tenga maji ya mvua au ya bomba kwa suuza ya mwisho, hata kopo mbili tatu.

Dodoki, wavu wa plastiki na jiwe vikae mbali na kila mahali isipokuwa visigino. Ule unga unaotoka mtu akisuguliwa hudhaniwa ni taka. Sehemu kubwa ni ngozi yenyewe, tena ile iliyokuwa ikizuia maji yasitoke mwilini. Tumia kiganja, au kitambaa laini cha pamba. Kukausha, bonyezabonyeza kwa khanga kuukuu badala ya kufuta kwa nguvu. Khanga iliyofuliwa mara nyingi ni laini kuliko taulo jipya. Katikati ya vidole vya miguu, chini ya matiti na kwenye mikunjo ya tumbo na mapaja pakauke kabisa. Kwingine pabaki na unyevu kidogo, kwa sababu hapo ndipo mafuta yanapofanya kazi yake.

Mafuta, na kiasi chake

Una dakika 3 hivi toka mzee atoke bafuni. Mafuta hayaingizi maji kwenye ngozi, yanayafungia yaliyomo yasitoke. Ukipaka ngozi iliyokwisha kukauka unafungia ukavu, na hilo ndilo kosa linalofanya watu waseme mafuta fulani hayafai. Mzee akipakwa chumbani baada ya kuvaa, kunywa chai na kuota jua, kopo zima litaisha bila faida.

Mafuta ya mgando yasiyo na manukato ndiyo ninayoyaweka mbele ya yote. Ni ya bei nafuu, hayaozi, na ni nadra kumdhuru mtu. Ubaya wake ni kunata, na dawa ya kunata ni kupaka kiasi: sugua kwanza kati ya viganja mpaka yalainike, kisha pitisha kuelekea chini, upande vinyweleo vinakolala. Ukipaka kwa kupandisha unaziba vitundu vya vinyweleo na vipele vinatokea mapajani.

Losheni sehemu kubwa ni maji. Masika inafaa sana, ila Agosti maji yake huruka na kuacha utando mwembamba usiotosha. Kama mzee anapenda losheni yake, apakwe, kisha mgando kidogo juu yake kwenye miundi na mikono. Penye magamba mazito, losheni au krimu yenye urea, kiungo kinacholainisha ngozi ngumu, ya asilimia 5 hadi 10 husaidia kuliko ya kawaida, lakini isipakwe penye mpasuko wa damu, itachoma.

Gliserini watu huipaka kavu kavu, na hapo ndipo inapoharibu. Kazi yake ni kuvuta maji. Hewa ikiwa kavu, huyavuta kutoka ndani ya ngozi. Ichanganye sehemu 1 kwa sehemu 3 za maji yaliyochemshwa yakapoa, tengeneza ya siku mbili tatu tu kwa sababu mchanganyiko huo huharibika, na juu yake lazima yaje mafuta.

Kwa mafuta ya jikoni, chagua alizeti iliyosafishwa, ambayo hapa haikosekani kwa kuwa Singida si mbali. Mafuta ya zeituni yana sifa kubwa, lakini asidi yake ya oleiki ni nyingi na huilegeza ngozi kavu badala ya kuifunga. Yapeleke kwenye kachumbari. Mawese yanayoletwa kutoka Kigoma hayana dhambi yoyote kwa ngozi zaidi ya kutia rangi kila shuka ndani ya nyumba.

Kiasi: kijiko cha chai kimoja kisicho na mlima kwa mguu mzima toka nyonga hadi vidoleni, na nusu kijiko kwa mkono mzima. Miguu na mikono yote ni gramu 12 hivi. Kopo la gramu 250 linakaa wiki tatu kwa kupaka mara moja kwa siku. Likikaa miezi miwili, hamjapaka, mmegusa tu.

Halafu kuna usalama, ambao watu huusahau. Mpake akiwa amekaa. Nyayo zipakwe mwisho, avae soksi au ndara zenye meno kabla hajasimama, maana sakafu ya saruji na mguu wenye mafuta ni safari ya kuvunjika nyonga. Na nguo iliyoloa mafuta siku baada ya siku hushika moto haraka: asisogelee jiko, kibatari wala sigara akiwa na nguo au shuka lenye mafuta, navyo vifuliwe kwa maji ya moto kila wiki.

Zeri ya nta

Mkoa wenye mizinga mingi namna hii hauna sababu ya kununua zeri ya nyuki iliyosafirishwa toka mbali. Nta inayobaki baada ya kukamua asali inatosha, na zeri yake hukaa kwenye mikono na visigino muda mrefu kuliko mafuta matupu kwa sababu haifutiki upesi.

Kwanza isafishe nta. Iweke kwenye sufuria ya alumini au ya chuma kisichoshika kutu, usitumie chuma cha kawaida wala shaba kwa kuwa hubadili rangi yake. Mimina maji mara mbili ya kiasi chake, pasha moto mdogo mpaka iyeyuke (huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, mbali kabisa na kuchemka kwa maji), chuja kwa kitambaa, acha ipoe usiku kucha bila kusogezwa. Asubuhi nta imeganda juu kama kifuniko. Igeuze, kwangua tope lililoshika chini, rudia mara mbili au tatu. Acha ikauke kabisa siku nzima, kwa sababu maji yaliyojificha ndani yake ndiyo yanayoleta ukungu baadaye.

Kuchanganya ni kazi ya sufuria ndani ya sufuria. Nta isiwekwe moja kwa moja juu ya mkaa. Ikipata moto kupita kiasi inawaka, na moto wake hauzimwi kwa maji. Kama huna mizani, pima kwa kijiko vyote viwili vikiwa vimeyeyuka: kijiko 1 cha chakula cha nta kwa vijiko 5 vya mafuta ya alizeti. Oktoba, joto linapopanda hapa mjini, weka vijiko 4 vya mafuta, la sivyo zeri itakuwa uji. Juni weka 6, la sivyo utachimba kwa kucha. Kwa visigino 3 vinafaa mwaka mzima.

Ukimimina mafuta ya baridi kwenye nta ya moto, mabonge yatatokea papo hapo. Usitupe, acha iendelee kupata moto wa maji mpaka iwe angavu tena. Dondosha tone kwenye sahani ya bati, subiri dakika 2, lisukume kwa kidole: likikatika kama sabuni ongeza mafuta kijiko kimoja, likiteleza kama mlenda ongeza nta. Mimina kwenye vikopo vikavu vyenye mdomo mpana, usifunike mpaka ipoe, maana mvuke utadondoka ndani.

Hapo ndipo mtu anaposhawishika kutia asali. Asiitie. Asali haiyeyuki kwenye mafuta; itazama chini, inate, na ikishapata unyevu wa vidole kopo zima litachacha. Asali ina kazi zake, hii si mojawapo. Limau na ndimu ni mbaya zaidi: maji yake kwenye ngozi ikipigwa na jua huunguza na kuacha madoa meusi ya miezi kadhaa. Manukato ya kutia harufu ni sababu ya kawaida ya mzio, basi zeri inuke nta tu, harufu ambayo hakuna mtu wa Tabora anayeilalamikia.

Zeri hii haina maji, kwa hiyo haihitaji dawa ya kuhifadhi, lakini alizeti huchacha baada ya miezi mitatu minne. Ikianza kunuka kama mafuta ya kukaangia yaliyolala, itumie kupaka viatu. Chota kwa kijiko kikavu, si kwa vidole vyenye maji. Na kabla ya kuipaka mwili mzima, paka doa dogo ndani ya mkono, asubuhi na jioni, siku mbili. Nta isiyosafishwa vizuri hubeba ile gundi ya nyuki ya kuzibia mizinga, na wapo watu inayowatoa ukurutu.

Visigino na mikono

Magaga ya uzeeni hayatibiwi kwa wembe. Ngozi ngumu ikikatwa hurudi tena, na kidole cha mtu mwenye macho hafifu hakikosi kukatwa nayo. Loweka miguu dakika 10 kwenye maji ya uvuguvugu, pitisha jiwe kwa upole mara moja kwa wiki, kwa upande mmoja, usisugue mbele na nyuma, kausha, jaza zeri ndani ya nyufa, vaa soksi za pamba ulale nazo. Krimu yenye urea ya asilimia 20 hadi 25 ni bora zaidi kama duka la dawa linayo. Nyufa ndogo hufunga ndani ya wiki mbili hivi. Mwenye kisukari asiloweke wala kutumia jiwe: anaweza asisikie moto wala mkwaruzo. Yeye miguu ikaguliwe kila jioni na mtu mwenye macho mazuri, juu, chini na katikati ya vidole.

Urambo, Kaliua na Sikonge, wilaya za mkoa huu, wazee wengi hushinda kwenye kuchambua tumbaku, kwa sababu ni kazi ya kukaa. Ule utomvu mweusi wa majani hauondoki kwa maji, basi hutumika mchanga, majivu au sabuni ya unga, na mikono hupasuka. Utomvu huo hutoka kwa mafuta. Mimina kijiko cha mafuta ya kupikia, sugua dakika 2 mpaka weusi ulegee, futa kwa kitambaa kikuukuu, ndipo unawe kwa sabuni laini. Mikono yenye nyufa isishike majani mabichi au yenye unyevu bila glavu: nikotini hupita kwenye ngozi, na kizunguzungu na kichefuchefu anavyovipata mzee jioni hiyo hudhaniwa ni malaria.

Usiku wa kuwashwa

Muwasho huzidi usiku mzee akipata joto kitandani. Loanisha kitambaa kwa maji ya kawaida, kiweke panapowasha dakika 10, toa, paka mafuta papo hapo. Kucha ziwe fupi. Blanketi la sufi lisiguse ngozi, tanguliza shuka la pamba. Nguo zisuuzwe mara mbili, kwa maana sabuni ya unga hubaki kwenye nyuzi.

Vidonge vya kuzuia mzio vinavyoleta usingizi, vile vya manjano vinavyojulikana kila kona, visiwe jambo la kwanza. Mzee hulewalewa, huamka kwenda msalani akaanguka, na mwanamume mwenye tezi dume iliyovimba anaweza kushindwa kukojoa. Muwasho wa ukavu hautokani na mzio hata hivyo, kwa hiyo anacholipwa ni usingizi tu.

Ukiona wengine nyumbani nao wanajikuna, hasa usiku, na kuna vipele katikati ya vidole, kwenye mikunjo ya vifundo vya mikono na kiunoni, huo ni upele, na mafuta hayatausaidia. Hutibiwa nyumba nzima siku moja, wenye muwasho na wasio nao, na nguo na matandiko hufuliwa siku hiyo hiyo. Ukimtibu bibi peke yake, mjukuu atamrudishia.

Na jiko la mkaa. Katika baridi ya Juni na Julai mzee husogeza kiti mpaka miundi inakaribia makaa, kila jioni, wiki nzima. Baada ya muda miundi hutoa alama za wavu, kahawia iliyokolea, kama ramani ya mito. Watu hupaka dawa za fangasi. Ni joto la jiko tu. Asogee nyuma mita moja na nusu, ajifunike miguu kwa khanga mbili, na alama zitafifia kwa miezi ikiwa hazijakaa miaka.

Jua, na mkorogo

Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya bahari na si mbali na ikweta. Jua la kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 alasiri ndilo linalochora makunyanzi na madoa usoni, kuliko umri wenyewe. Linganisha ngozi ya uso na ya ndani ya mkono wa mtu yule yule. Kivuli cha mwembe, na mji huu umejaliwa miembe, kinazuia zaidi ya krimu nyingi. Kofia yenye ukingo wa sentimita 8 kuzunguka pande zote, mikono mirefu, mwavuli. Krimu ya jua, kama ipo, iwe ya SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi, na kiasi chake ni mistari miwili kwenye vidole viwili kwa uso na shingo, ikirudiwa kila baada ya saa 2 ukiwa nje. Mzee mwenye ualbino hana hiari katika hilo, na akaguliwe ngozi hospitalini kila baada ya miezi michache.

Vile vinundu vidogo vyeusi mashavuni, vinavyoongezeka kadiri umri unavyokwenda, ni vya kurithi na havina madhara. Anayevikata kwa wembe au kuvichoma kwa asidi hubadilisha nundu moja kwa kovu.

Mkorogo nauzungumzia kwa sababu huuzwa kwa wazee kwa jina jingine: krimu ya kuondoa madoa, krimu ya kulainisha. Ndani yake mara nyingi kuna steroidi kali, hidrokwinoni au zebaki. Steroidi huipunguza ngozi unene, na hii ni ngozi ambayo tayari imebaki kama karatasi. Soma kasha: ukiona jina linaloanza na clob- au beta-, hiyo ni dawa ya kuandikiwa na daktari kwa siku zinazohesabika, si mafuta ya kila asubuhi. Aliyeitumia kwa miezi asiiache ghafla bila kuonwa, ngozi huwaka na kuvimba. Krimu isiyo na orodha ya vilivyomo, iliyohamishiwa kwenye kikopo kingine, haina hata cha kujadili.

Ngozi ikichanika

Osha kwa maji safi. Kama kipande cha ngozi bado kimeshika upande mmoja, usikikate: kirudishe mahali pake taratibu kwa pamba iliyoloa. Paka mgando, weka shashi, zungushia bandeji. Plasta ya kunata isiguse ngozi hiyo, kwa kuwa siku ya kuibandua utachana na iliyokuwa nzima. Usifungue kila siku kuangalia; baada ya siku tatu inatosha, isipokuwa pamevimba, panauma zaidi au panatoa usaha.

Nenda kituo cha afya, au hospitali ya Kitete hapa Tabora, kwa haya: kidonda kisichofunga wiki nne, doa jeusi jipya kwenye unyayo au chini ya ukucha linalokua, baka lililopauka lisilosikia mguso wa pamba, kwa kuwa linaweza kuwa ukoma, ambao dawa zake ni bure, malengelenge makubwa yanayotokea bila kuungua, mguu mmoja uliovimba na kuwa wa moto. Na muwasho wa mwili mzima usio na vipele, unaoendelea baada ya wiki mbili za mafuta ya kutosha, unataka kipimo cha sukari, figo na ini. Beba pia dawa zote anazokunywa, maana baadhi ndizo zinazowasha.

Novemba mvua zikirudi, punguzeni. Mgando uachwe mchana, losheni inatosha, na zeri ibaki ya visigino tu. Mafuta yaondoke kabisa kwenye mikunjo, kwani jasho na mafuta chini ya matiti na kwenye mapaja hukaribisha fangasi. Hapo ni maji, kukausha na kitambaa kikavu cha pamba. Maembe nayo yameanza. Utomvu ulio kwenye ganda huunguza midomo na mashavu ya baadhi ya watu, na ngozi nyembamba ya mzee huonyesha mapema. Mmenyeeni, nawa mikono yako, kisha mpe vipande kwenye sahani.